Je, Wajua? Yanayoonekana Ukiwa Kwenye Benchi la Zahanati

Mtu akiugua huenda zahanati na hofu mbili: hofu ya ugonjwa na hofu ya kuuliza. Safu ya leo inashughulika na hiyo ya pili. Viwango vya usalama na ubora wa tiba vimeandikwa kwenye miongozo minene ambayo mgonjwa haioni, lakini mengi ya yaliyomo yanaonekana kwa macho, palepale kwenye benchi, umeshika kadi ukisubiri jina lako liitwe.

Je, wajua kwamba tiba duni huua watu wengi kuliko ukosefu wa tiba? Tume ya jarida la The Lancet Global Health ilikadiria mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo milioni 8.6 kila mwaka vingezuilika kwa huduma nzuri ya afya. Kati ya hivyo, takriban milioni 5 ni vya watu waliofika kituoni wakahudumiwa vibaya. Milioni 3.6 ni vya wale ambao hawakuipata huduma kabisa. Kwa miaka mingi tumedai majengo, na tulikuwa na haki. Mpango wa afya ya msingi wa Tanzania wa mwaka 2007, MMAM, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ila bati likishapigwa na utepe ukishakatwa, swali la kinachofanyika ndani ndilo linaloanza.

Wajua kwamba zahanati za Tanzania Bara zimewahi kupewa nyota, kama hoteli? Zoezi hilo lilifanyika mwaka 2015/16 chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Wakaguzi walipita kwenye vituo vya msingi karibu 7,000, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi, wakaangalia uongozi, watumishi, mazingira, usafi, dawa na namna mgonjwa anavyopokelewa. Theluthi moja hivi ya vituo hivyo haikupata hata nyota moja, na vilivyofikia nyota tatu, kiwango kilichokusudiwa, vilikuwa vya kuhesabika. Baada ya mipango ya marekebisho na ukaguzi wa pili mwaka 2017/18, vyenye nyota tatu na zaidi vilifika takriban kimoja katika kila vitano. Lengo lilikuwa asilimia 80, kwa hiyo halikufikiwa. Bado mimi naheshimu serikali inayothubutu kuvipima vituo vyake yenyewe kisha ikasema hadharani kwamba vingi vimefeli.

Na wajua kwamba kuna wakati daktari wa Tanzania hakuruhusiwa kufungua zahanati ya biashara? Sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba binafsi ya kutafuta faida. Marekebisho ya mwaka 1991 ndiyo yaliyofungua mlango tena. Zahanati binafsi za mitaani unazoziona leo zimeota baada ya hapo. Ndiyo maana usajili na leseni si urembo wa ukutani. Kwa Kenya, Baraza la Madaktari, KMPDC, huweka kwenye tovuti yake majina ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa, na yeyote mwenye simu anaweza kutafuta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inaongeza jambo kubwa kwa maneno machache: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikusema "akilipa kwanza".

Sasa tuje kwenye mikono, maana hapa ndipo penye kazi.

Watafiti walikaa kwenye vyumba vya vituo vya afya vya kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru, wakahesabu kila mara mhudumu alipopaswa kufanya jambo la kuzuia maambukizi, na kama alilifanya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani. Sindano na utoaji damu: wahudumu walifuata kanuni takriban mara 87 katika kila 100. Kunawa mikono: mara 2 hivi katika kila 100.

Soma tena tarakimu hizo mbili. Ni watu walewale, vyumba vilevile, siku zilezile. Huwezi kusema ni wavivu au hawakusoma, maana kwenye sindano wanafanya vizuri. Tofauti ni kwamba sindano huja kwenye pakiti iliyofungwa, mpya, ya kutumika mara moja. Kiwango kimeshonewa ndani ya kifaa chenyewe. Kunawa mikono kumeachiwa kumbukumbu ya mtu mmoja mwenye foleni ya wagonjwa 60, na sinki iko mwisho wa korido.

Je, wajua kwamba aliyegundua thamani ya kunawa mikono alidhihakiwa? Ignaz Semmelweis, daktari wa hospitali kuu ya Vienna, aliona jambo la kutisha: wodi ya uzazi waliyohudumia madaktari na wanafunzi wao ilikuwa na vifo vingi kuliko ile ya wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka moja kwa moja kupasua maiti na kwenda kuzalisha. Aprili 1847 wodi hiyo ilipoteza takriban wazazi 18 katika kila 100. Katikati ya Mei akaagiza kila mtu anawe kwa maji ya klorini, na Juni vifo vikashuka hadi takriban 2 katika kila 100. Wenzake wengi walikataa kukubali kwamba mikono ya bwana mkubwa inaweza kuua. Semmelweis alifariki mwaka 1865 akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kuna nyakati tano ambazo mhudumu anapaswa kusafisha mikono, na Shirika la Afya Duniani limezipanga hivi: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya kugusana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka, hata kama yeye mwenyewe hakuguswa. Hiyo ya mwisho husahaulika kuliko zote. Kwa kitakasa mikono inachukua sekunde 20 hadi 30. Kwa maji na sabuni, 40 hadi 60.

Taulo moja iliyoning'inia kando ya sinki tangu Jumatatu hurudisha mikononi kile maji yalichokiondoa. Na kipande cha sabuni kinachoogelea kwenye kisahani cha maji ni bwawa la vijidudu. Kiwekwe kwenye kisahani chenye matundu.

Lakini je, wajua kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma ya msingi ya kunawa? Ndivyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoripoti mwaka 2022: maji na sabuni, au kitakasa mikono, pale anapohudumiwa mgonjwa na pia vyooni. Kabla ya kumlaumu muuguzi, fungua bomba uone kama linatoa maji. Ndoo yenye koki, sabuni na beseni chini yake inatosha kuanza, na kamati ya kituo iliyochaguliwa na wanakijiji ina mamlaka ya kuidai.

Glovu hazichukui nafasi ya kunawa. Zina vitundu visivyoonekana, na mkono huchafuka wakati wa kuzivua. Mhudumu aliyevaa glovu zilezile akakupima wewe, akafungua droo, akashika simu, kisha akamgeukia mtoto wa jirani, amejikinga yeye tu. Na wajua zilianzaje? Mwaka 1889 hivi, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, muuguzi Caroline Hampton alikuwa anababuka mikono kwa dawa kali za kuulia vijidudu. Daktari wake mpasuaji, William Halsted, akaiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glovu nyembamba za mpira. Baadaye akamuoa. Lengo lilikuwa kuiokoa ngozi ya muuguzi. Faida kwa mgonjwa ilionekana baadaye.

Sindano. Wajua kwamba kwa mwaka 2000 pekee, sindano zisizo salama zilikadiriwa kusababisha maambukizi milioni 21 ya homa ya ini aina ya B, milioni 2 ya aina ya C, na 260,000 ya virusi vya UKIMWI duniani? Muongo mmoja baadaye maambukizi hayo yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Sababu mojawapo ni bomba la sindano linalojifunga lenyewe: ukishasukuma dawa hadi mwisho, pistoni haivutiki tena, hata mtu akitaka. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko kwamba kufikia mwisho wa 2003 chanjo zote zitolewe kwa mabomba ya aina hiyo, na mwaka 2015 Shirika hilo likataka dunia nzima itumie mabomba salama kwa sindano za tiba pia. Hicho ndicho kiwango ninachokipenda: kisichomsubiri mtu akumbuke.

Hatari haijaisha. Mwaka 2019 katika mji wa Ratodero, mkoa wa Sindh nchini Pakistani, mamia ya watu, wengi wao watoto wadogo ambao mama zao hawakuwa na maambukizi, walikutwa na virusi vya UKIMWI. Wachunguzi walikuta mabomba ya sindano na mirija ya dripu iliyorudiwa.

Kwa hiyo una haki kamili ya kusema: "Dada, naomba uifungue pakiti nikiwa naona." Muuguzi anayeijua kazi yake hataudhika. Tazama pia kichupa cha dawa mezani. Kikiwa na sindano iliyochomekwa juu ya kizibo na kuachwa hapo ili kila mgonjwa achotewe kwa haraka, hapo pana kasoro: ile sindano ni mlango ulioachwa wazi kuingia kwenye dawa ya watu wote.

Je, wajua kwa nini huambiwa usiondoke mara baada ya sindano ya chanjo au ya antibiotiki? Mzio mkali, ule wa kufunga pumzi na kushusha presha, kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache. Dawa yake ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Zahanati inayochoma sindano bila kuwa na adrenalini karibu, ambayo haijaisha muda, inacheza na maisha ya mtu. Kaa dakika 15 hadi 30, hata kama daladala inapiga honi.

Sasa friji. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni hujazwa asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ukiona mistari ya Jumamosi na Jumapili iko wazi, au tarakimu zote za mwezi zinafanana na zimeandikwa kwa kalamu moja, mtu amejaza siku moja.

Wajua kwamba kichupa cha chanjo kinaweza kukusimulia safari yake? Kina alama ndogo ya duara lenye mraba katikati, iliyoanza kutumika mwaka 1996 kwa chanjo ya matone ya polio. Mraba huanza ukiwa mweupe, kisha hukoza kadiri joto linavyojikusanya: saa mbili juani bandarini, nusu siku kwenye pikipiki, usiku mmoja umeme ulipokatika. Joto likipungua rangi hairudi nyuma. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Ukilingana nalo au kulizidi weusi, itupwe. Mama anayempeleka mtoto kliniki anaweza kuomba kuiona alama hiyo, na nimewahi kuona muuguzi akiwaonyesha akina mama wote kabla ya kuanza. Ilichukua nusu dakika.

Baridi nayo ina madhara yake. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini na ile ya magonjwa matano kwa pamoja zikiganda huharibika kabisa, na zikiyeyuka huonekana nzima. Ndiyo maana hazipaswi kugusana na barafu. Mhudumu akizishuku hufanya jaribio la kutikisa: hukigandisha kwa makusudi kichupa kimoja cha toleo lilelile, akakiyeyusha, akavitikisa vyote viwili, akaviweka chini na kutazama. Kile kilichoganda, masimbi yake hushuka haraka. Kichupa kinachoshukiwa kikituama upesi kama kile, hakimfai mtoto. Na chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake, maisha yake hayazidi saa 6.

Sasa vyombo vya tiba. Kuvichemsha hakuviui vijidudu vyote. Baadhi ya bakteria hujifunika ganda gumu linalostahimili maji yanayochemka, na wa pepopunda ni mmoja wao. Tena kuna jambo la kijiografia: Tanga, usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100, Njombe, karibu mita 2,000 juu, huchemka kwa takriban nyuzi 93. Dawa yake ni mvuke ulioshindiliwa. Mwaka 1679 Denis Papin alibuni chungu cha presha cha kulainishia mifupa, na mwaka 1879, miaka 200 kamili baadaye, Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur, akaitumia kanuni hiyohiyo kutengeneza otoklevu ya kutakasia vifaa. Nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, na ganda lile linasalimu amri.

Na utepe wenye mistari inayogeuka kuwa myeusi kwenye kifurushi cha vifaa? Unakuambia tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Hauthibitishi kwamba ndani yake ni salama. Kifurushi kikiwa kimelowa au kimechanika, kimerudi kuwa kichafu.

Hili litawashangaza wengi waliosomea uuguzi enzi za ndoo tatu. Tulifundishwa, na wengine bado wanafundisha, kwamba vifaa vilivyotumika vitumbukizwe kwanza kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo vioshwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema tusifanye hivyo. Damu huimaliza nguvu klorini, klorini nayo hula chuma, na uchafu hugandamana. Vioshwe kwanza, kwa maji, sabuni na brashi, mhudumu akiwa amevaa glovu nzito na miwani, kisha vitakaswe. Klorini ibaki kazini kwenye sakafu na meza. Kwa wanaochanganya: Jiki ya asilimia 3.5 huchukua kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji kupata hiyo 0.5, na huchanganywa upya kila siku.

Ukiitwa kupima presha, wajua kwamba unaweza kuiharibu kabla mhudumu hajagusa mashine? Uliyekimbilia foleni, ukanywa kahawa nje, ukabana mkojo, ukakaa ukining'iniza miguu huku ukimsimulia dada habari za msiba, presha yako itasoma juu. Kiwango ni hiki: pumzika dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imetua chini bila kupishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya kitenge, na wote wawili mnyamaze. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba pia. Wapo watu wanaomeza vidonge kila siku kwa ajili ya presha iliyopimwa hivyo mara moja tu, na hilo linanisikitisha.

Kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni hufanya kazi kwa mwanga kupita kwenye ngozi, na kwa sisi weusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliweka jambo hilo wazi. Rangi ya kucha na hina nyeusi nayo huzuia mwanga. Bi harusi wa juzi aliyepambwa hadi kuchani aombe apimwe kwenye ndewe ya sikio, na mhudumu aamini pumzi anazoziona kifuani kuliko tarakimu peke yake.

Kipimo cha haraka cha malaria kina saa yake. Kusomwa mapema huweza kuficha mstari uliofifia. Kusomwa baada ya muda ulioandikwa kwenye pakiti huweza kuleta mstari wa uongo. Na mtu aliyepona anaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa, kwa kuwa vipimo vingi hunusa protini ya vimelea inayobaki kwenye damu. "Bado ninayo" si lazima iwe kweli. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, kwa hiyo homa kuitwa malaria mezani bila tone la damu ni kosa.

Wajua kwamba jina moja ni hatari? Ita "Asha Juma" kwenye zahanati yoyote ya Pwani uone wanasimama wangapi. Kiwango kinataka vitambulisho viwili, kama jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kila unapopewa dawa au kutolewa damu. Na swali sahihi ni "Unaitwa nani?" Ukiulizwa "Wewe ndiye Asha?" mgonjwa mwenye homa, mzee asiyesikia vizuri, au mama aliyechoka kusubiri ataitika tu.

Madirisha. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa katika hospitali 8 za Lima, Peru. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa takriban mara 28 kwa saa. Vyumba vya mashine ya kupitisha hewa, mara 12. Majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyashinda ya kisasa kwa mbali. Kifua kikuu husafiri hewani, basi ukikuta chumba cha kusubiria kimefungwa kwa vioo na feni inazungusha hewa ileile, simama ufungue dirisha. Hakuna anayehitaji kibali kwa hilo.

Je, wajua kwamba Ifakara imo katika historia ya usalama wa upasuaji duniani? Mwaka 2007 na 2008 hospitali 8 zilijaribu orodha ya maswali 19 ya kusomwa kwa sauti kabla, wakati na baada ya upasuaji: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, ana mzio gani, vifaa vimehesabiwa? London ilikuwemo, Seattle, Toronto, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Kwa wastani wa hospitali zote, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja, na watu walioacha kuona haya kuisoma.

Mbeya nayo ina lake. Mwaka 2007 hospitali yake ya rufaa ilianza kujaribu 5S, mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, na Kiswahili kikaipokea vizuri hadi herufi zikabaki zilezile: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ukiyaona maneno hayo ukutani, tupa jicho kwenye kabati la dawa. Dawa zinazoisha muda mapema zikae mbele.

Tufike dirisha la dawa, ambako lugha yenyewe huleta madhara. "Kutwa mara tatu," tunaambiwa, na bahasha inaandikwa 1x3. Lakini kutwa, kwa Mswahili, ni kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama. Bibi yangu angeelewa hivyo, na angekuwa sahihi: asubuhi saa mbili, mchana saa saba, jioni saa kumi na mbili, kisha saa kumi na nne za usiku bila dawa. Antibiotiki nyingi za namna hiyo huhitaji kila baada ya saa nane ili nguvu yake mwilini isishuke. "Kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku" ni maneno mengi zaidi, na yanatibu. Mtoa dawa akimwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe atajua papo hapo kama ameeleweka.

Kijiko cha jikoni hakina kipimo. Dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa kikombe au bomba lenye alama za mililita.

Dawa zenyewe zina msimamizi: mamlaka ya dawa ya Tanzania, TFDA, ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikia daraja la tatu la ukomavu la Shirika la Afya Duniani, mwezi Desemba 2018. Hilo tujivunie.

Mwisho zunguka nyuma ya jengo. Takriban asilimia 85 ya taka za kituo cha afya ni za kawaida kama za nyumbani. Ni 15 tu zenye hatari, ila zikichanganywa, zote zinakuwa za hatari. Ndiyo maana kuna pipa jeusi la taka za kawaida, la njano la zenye maambukizi, jekundu la zile hatari zaidi, na kile kisanduku cha karatasi ngumu cha sindano, sefti boksi, ambacho hufungwa kikijaa robo tatu. Sindano hairudishiwi kifuniko chake: vidole vingi vimechomwa hapo. Kuchoma taka kwenye shimo wazi kwa moto mdogo wa mafuta ya taa hutoa moshi wa sumu unaoingia madarasani mwa shule jirani. Kichomea kinachofaa huwa na vyumba viwili, na hufikia mamia ya nyuzi.

Na wajua nani huchomwa sindano iliyotupwa pasipo pake? Si daktari. Ni mama wa usafi, anayeukamua mfuko wa pipa jeusi kwa mikono ili ufungike. Asiyechanjwa, akichomwa na sindano yenye virusi vya homa ya ini B, hatari ya kuambukizwa hufika hadi 30 katika 100; kwa virusi vya UKIMWI ni takriban 3 katika 1,000. Aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua jeraha, atoe taarifa siku hiyohiyo, aanze dawa za kinga mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na azimeze siku 28. Chanjo ya homa ya ini ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi sita. Siku ukifika zahanati ya mtaani kwako, baada ya salamu, mwulize mganga mfawidhi kama mama huyo amezimaliza zote tatu.